Mbio za Pikipiki Juu ya Ntumba za Mama Skola

Siku ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu, ni Jumatatu moja ya Pasaka, maji yakiwa yametuzunguka pande zote. Usishangae nikisema maji. Sisi si watu wa ziwani. Ziwa liko huko chini, unateremka mpaka masikio yanaziba, na mimi nimeliona mara mbili tu maishani. Kijiji chetu kiko hukuhuku juu Ufipa, ndani ndani ukishaiacha barabara ya Mpui. Ni kilima kilichokaa katikati ya mbuga. Kiangazi unatoka kwa mguu bila kulowa. Mvua zikikolea mbuga inajaa, njia inazama, tunabaki na mitumbwi miwili mpaka mwezi wa tano. Ndiyo maana wenyewe tunapaita Kisiwani.

Maisha ya huko wakati wa maji ni ya kungoja. Padri haji. Mwalimu aliyevuka kwenda mjini harudi. Chumvi ikiisha dukani imeisha, mashine ya kusaga ikikosa dizeli wanawake wanarudi kwenye kinu. Asubuhi watu wanasimama gatini, mahali mitumbwi inapofungwa, kila mtu ana shida yake: huyu anataka dawa ya mtoto, huyu anauliza mbolea imefika Mpui au bado. Ndiyo habari zetu. Ukizizoea, unaona dunia nzima ni hiyo. Usipozizoea unatamani kuondoka hata kwa kuogelea. Mimi sikuzizoea.

Sijafika hamsini, na mkongojo nilionao ni wa mguu, si wa uzee. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Mtoto sina. Nikisema mwanangu namwambia yeyote ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, na hasa wewe unayependa pikipiki. Sikukatazi kuzipenda. Mimi nilizipenda kuliko chakula, na hadi leo ikipita yenye injini nzuri nageuka.

Kwanza nikueleze ntumba, kwa sababu vijana wengi siku hizi mnaziona tu kandokando ya barabara. Mwezi wa pili na wa tatu, nyasi zikiwa ndefu na udongo umelewa maji, tunazilaza nyasi mbichi chini na kuzifunika kwa mabonge ya udongo yenye mizizi. Linatoka tuta la duara, linafika magotini, mengine kiunoni. Nyasi zinaoza humo ndani. Mvua za mwaka unaofuata unalisambaza, ndiyo mbolea yako, unapanda mahindi au ulezi. Wakati tuta linangoja, juu yake unapanda maharage. Shamba zima linajaa vivimbe, kwa mbali unadhani ni watu wamejifunika mablanketi. Kazi hii ina majira yake. Mvua ikikatika, udongo unakuwa tofali, jembe linaruka na kurudi.

Na kwetu Kisiwani ina utaratibu wake. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, anapita nyumba kwa nyumba kuita. Watu wanakuja na majembe, shamba linaisha siku moja. Usipoitwa, huendi. Na ntumba za mtu hazitengenezwi mpaka mwenyewe aite. Hata ukikuta tuta la jirani limebomolewa na mvua, unamwambia, hulijengi. Ukilijenga kimyakimya ni kama umetangaza kwamba mwenye shamba ameshakufa.

Mama Skola alikuwa mjane. Mtoto wake mmoja tu, Skola, ameolewa Kaengesa. Mwaka huo alipika pombe nzuri, tukaenda watu wengi, nami nilikuwemo. Nililima kwa mikono yangu hii, nikanywa, nikaimba. Mteremko wake wote ukajaa ntumba, safu kwa safu, na wiki mbili baadaye maharage yakachipua. Halafu habari ikaja kwamba Skola amejifungua. Mimi ndiye niliyemvusha mama yake kwa mtumbwi.

Tukiwa bado gatini, alikaa mbele, kikapu mapajani, akawa anaangalia nyuma kuelekea shambani kwake.

"Kizito, baba, niangalizie ntumba zangu. Ng'ombe wa Masanja wasije wakapanda."

"Usijali, mama."

"Sijali. Nimeshakuachia wewe."

Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, na huyu ndiye aliyekuwa akinishonea vifungo. Nilimwitikia kwa moyo. Sikuwa mtu mbaya siku ile.

Alhamisi Kuu akaja Kastori. Namtaja kwa jina, na kama anasoma, asome. Kastori ni kijana wetu wa hapohapo aliyehamia Sumbawanga mjini akafungua duka la vipuri. Miaka ile pikipiki za bei nafuu zilikuwa zimeanza kumwagika mjini, na kwenye mabanda ya video walikuwa wanaonyesha mbio za pikipiki zinazoruka vilima vya udongo. Kastori alizitazama hizo mpaka zikamwingia kichwani. Akafunga mitumbwi miwili pamoja, akavusha pikipiki nne, moja moja, watu wamejaa gatini wanapiga vigelegele kama anavusha bibi harusi. Ya tano ilikuwa ile mbovu niliyokuwa nabebea abiria kiangazi.

Akapanda mpaka juu, akasimama anautazama mteremko wa Mama Skola, mikono kiunoni.

"Nyie watu mnakaa na mali hamjui," alisema. "Wenzetu wanajengewa vilima kwa greda ili pikipiki zipae. Nyie mnavyo tayari!"

"Hizo ni ntumba za mtu, Kastori," mama mmoja akamwambia.

"Udongo tu huo, mama. Udongo unaisha?"

Akatangaza kwamba atakayeshinda Jumatatu atamchukua mjini awe dereva wake wa mashindano, ampeleke hadi Mbeya. Alisema hivyo akinitazama mimi. Mwanangu, wewe hujakaa kijana kwenye kilima kilichozungukwa na maji, unahesabu miezi mpaka njia ikauke. Nilisikia lile neno Mbeya likinipiga kifuani.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa Gaudensi. Naye namtaja. Watu walimuuliza kama mwenye shamba anajua.

"Nimeshaongea naye," Gaudensi akajibu.

"Umeongea naye wapi, na maji haya?"

"Nimesema nimeongea naye. Sasa mwenyekiti ni nani, mimi au wewe?"

Kila mtu alijua hajaongea naye. Simu hazikushika Kisiwani enzi hizo, na yeye hakuwa amevuka maji. Lakini Pasaka ilikuwa kavu, padri hakuja, misa hakuna, na vijana walitaka kuona pikipiki zinapaa. Gaudensi mwenyewe alikuwa ameahidiwa kukaa kwenye kiti mbele, apulize filimbi. Mtu mzima, kwa ajili ya filimbi!

Ntumba mbichi ni laini, gurudumu linazama. Ilibidi tuzishindilie. Ijumaa Kuu tulipumzika kwa kuwa ni Ijumaa Kuu, tulikuwa na adabu ya namna hiyo. Jumamosi asubuhi vijana tukaingia shambani kwa migongo ya majembe na magogo, tukazipiga na kuzikanyaga, mbili mbili tukiziunganisha ziwe kilima kimoja. Maharage yalikuwa na majani manne manne. Yalikuwa yanapondeka na kutoa harufu ya kijani. Mpaka leo mke wa jirani akimenya maharage mabichi mimi naondoka pale.

Masanja alikuja Jumapili mchana. Huyu ni Msukuma, mfugaji, alihamia na ng'ombe wake, na hapo kijijini kila kosa la kwato lilikuwa lake. Alisimama pembeni ya shamba na fimbo yake, hakukanyaga ndani.

"Kizito, ndama wangu mmoja akipita hapa mnanipeleka kwa mtendaji," alisema. "Leo mnaingiza chuma?"

Vijana wakacheka. "Msukuma ana wivu! Ng'ombe wake hawana gia!"

"Sawa, hawana gia," akajibu, bila kucheka. "Lakini ng'ombe hakuachiwa shamba alilinde."

Basi kumbe na yeye alikuwa gatini siku ile, alimsikia Mama Skola. Wenzangu walinitazama. Hapo palikuwa mahali pa kusema, jamani tuache. Nikasema, "Mshikaji, nenda kachunge." Nikaendelea kushindilia.

Jumatatu ikafika. Kijiji kizima kilikuwa pale, wazee kwa watoto, na siwezi kukudanganya kwamba haikuwa raha. Ilikuwa raha. Gaudensi akapuliza filimbi, tukaondoka watano, moshi, kelele, matope yanaruka. Ukipanda tuta injini inalia, halafu ghafla hailii, uko hewani, chini yako hakuna kitu, unaona mbuga yote na maji yake yanang'aa, na kwa mbali miti ya ng'ambo. Ni pumzi moja tu. Mizunguko miwili nilikuwa mbele. Nilisikia wasichana wanaita jina langu. Nilikuwa nimeshafika Mbeya kichwani.

Mzunguko wa tatu, tuta moja la chini halikushindiliwa vizuri. Juu lilikuwa gumu, ndani nyasi. Gurudumu la mbele likazama mpaka ekseli, pikipiki ikapinduka na kunilalia. Nilisikia paja likivunjika, mlio kama wa kuni kavu. Nilipoangalia, nikaona nyasi zenyewe zimetoka ndani ya tuta, nyeusi, zimeanza kuoza vizuri. Nilizitazama hizo badala ya mguu.

Sasa sikia alichofanya Kastori. Wingu lilikuwa linakuja. Akaogopa pikipiki zake zisije zikalala Kisiwani, akafunga tena mitumbwi miwili pamoja, akaanza kuvusha pikipiki. Watu wakamwambia, mgonjwa kwanza. Akasema, "Subirini, zimebaki tatu tu." Gaudensi, mwenye kijiji, filimbi shingoni, hakusema lolote. Basi wanaume sita wakang'oa mlango wa nyumba ya mashine, wakanilaza juu yake, wakaingia majini kwa miguu. Maji yaliwafika kifuani. Gaudensi alikuwa mmoja wa hao sita, simnyimi hilo. Nilikuwa nasikia pumzi zao na maji tu.

Tulipofika ng'ambo, nani amesimama pale anangoja mtumbwi? Mama Skola. Ametoka Kaengesa siku hiyohiyo, kikapu kichwani.

"Nani huyo? Mungu wangu! Kizito? Baba, umefanyaje?"

"Ameanguka na pikipiki," Gaudensi akasema haraka. "Mama, atahitaji mtu wa kwenda naye mjini. Wewe ndiye mama yake."

Ona ujanja huo. Hakutaka avuke. Mama Skola akafungua kitenge chake cha pili, akakikunja, akanipa mto. Akatembea pembeni yangu mpaka barabarani, mkono wake kwenye paji la uso wangu, na njiani akainama.

"Ntumba zangu nzima, baba?"

Wanaume sita walikuwa wanasikia. Mimi nilikuwa nasikia. Nikasema, "Nzima, mama."

Uongo huo wa kwanza nakuachia uuhukumu upendavyo. Nilikuwa na maumivu ya kutaka kufa.

Tulipata lori la mahindi hadi Sumbawanga. Wodini waliuning'iniza mguu kwa kamba na uzito, wakaniambia nisijigeuze. Pale hospitali, usipokuwa na mtu wa kukuuguza, umekwisha. Nani akupikie uji, nani akuletee beseni, nani akufulie? Mama Skola alilala sakafuni na akina mama wengine waliokuwa wanauguza wagonjwa wao. Asubuhi nilikuwa naisikia sauti yake kutoka jikoni kwa nje, anagombana kwa utani na mama mmoja wa Mwimbi juu ya nani kaiba kijiko. Anaingia na bakuli, anapuliza, ananilisha.

Siku ya tatu akasema, "Nilitaka niende nyumbani nikaangalie mara moja. Lakini kama ntumba ni nzima, nina kazi gani ya kuwahi? Acha nikae na wewe mpaka wakutoe kamba."

Mwanangu, nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na akili zangu zote. Ilikuwa niseme tu, mama, nenda, zimeharibika, mvua bado ipo, nenda kaite watu. Wale kule Kisiwani walikuwa wanangoja yeye aite, kama nilivyokueleza, wasingeshika jembe bila yeye. Siku tatu zingetosha. Angepika pombe hata ya haraka haraka, au angeita hata bila pombe, wangekuja tu kwa aibu waliyokuwa nayo.

Lakini nilitazama upande wa kulia, kuna mzee hana mtu, analia maji hakuna wa kumpa. Nikafunga mdomo. Nilijua nikisema, ataondoka, na akiondoka nitakuwa kama yule mzee. Sikumficha ili asiumie. Nilimficha ili abaki.

Kila siku mvua ilinyesha mchana. Bati za wodi zilikuwa zinapiga kelele mpaka manesi wanaongea kwa kupaza sauti. Mama Skola anakwenda dirishani, anatoa mkono nje, unalowa, anaurudisha na kujipaka usoni.

"Mvua nzuri hii," siku moja alisema. "Mwenye kazi ya ntumba leo anafaidi. Udongo unakubali." Akageuka, akanitazama. "Kwangu imeshaisha. Namshukuru Mungu na nyie vijana mlionilimia."

Nikageuza uso ukutani. Akadhani mguu unauma, akaja kuniweka sawa mto.

Nilikuwa namwomba Mungu asije mtu yeyote wa Kisiwani kunitazama, maana atasema. Na kweli hakuja hata mmoja. Basi nikawa naona uchungu kwamba hawaji. Ndivyo nilivyokuwa, nawaombea wasije, halafu nawalaumu kwa kutokuja.

Siku ya kumi na mbili mvua haikunyesha. Wala ya kumi na tatu. Ukaanza ule upepo mkavu wa baridi wa kwetu, unaojua kupenya hata kwenye tundu la shati. Siku ya kumi na sita daktari akasema mfupa umeanza kushika, naweza kukaa. Mama Skola akafurahi kama mtoto. Akakusanya nguo zangu chafu, akasema anakwenda nyumbani mara moja kuona maharage yake, atanifulia, atarudi Jumapili na kuku.

Jumapili hakuja. Alikuja Masanja, na mfuko wa plastiki. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, fimbo katikati ya magoti.

"Shamba ameliona," akasema.

Nikautazama mfuko.

"Alipiga jembe mara moja, likarudi. Akapiga pengine, likarudi. Hakulia. Aliuliza, nani? Wakamwambia. Akauliza, lini? Wakamwambia Jumatatu ya Pasaka. Basi akasimama pale pale, akahesabu siku kwa vidole. Mkono huu, na huu, akaanza tena. Alipofika kumi na sita akaacha, akaingia ndani."

"Amesema nini?"

"Amesema nguo zako hizi, ameshafua."

Zilikuwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, na kifungo cha shati kilichokuwa kimelegea kimekazwa. Masanja alikaa na mimi mpaka jioni, yule niliyemwambia kachunge. Alinipa maji, akampa na yule mzee wa pembeni. Kisha akaondoka, na miezi mitatu iliyofuata sikumwona mtu wa nyumbani. Kastori duka lake lilikuwa mjini hapohapo, mwendo wa kutembea kutoka wodini. Hakuja hata kuuliza pikipiki ilinivunja wapi.

Nilirudi mwezi wa nane, njia imekauka, goti halikunjiki. Nilikwenda kwake moja kwa moja. Alinipa kiti, akanipa maji, kama mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mguu unaendeleaje?"

"Siwezi kupiga magoti, mama, ningepiga."

"Usipige." Alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo, hakuacha. "Ntumba mlivunja wengi. Vijana mna ujinga wenu, na mwenyekiti ana ujinga wake. Hiyo ilishapita. Na ile ya barabarani nimekusamehe, ulikuwa unakufa. Lakini ile siku nilipotoa mkono dirishani, Kizito. Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Nilipokwambia udongo unakubali, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Akapepeta ungo mara mbili, tatu. "Basi," akasema. "Kunywa maji uende, jua linazama."

Mwaka huo uliofuata hakuwa na shamba. Alifunga jembe lake kwenye gunia akaenda kulima vibarua kwa watu, umri ule. Nilimwona akipita, na sikuwa na uso wa kusimama mlangoni. Mvua zilipokuja tena akapika pombe, akapita nyumba kwa nyumba kuita. Nilikaa ndani nasikia sauti yake inakaribia. Akaita nyumba ya kulia kwangu. Akaita ya kushoto. Nikachukua jembe nikaenda hivyohivyo, bila kuitwa. Alinipokea mwanzoni mwa shamba mbele ya watu wote, kwa upole kabisa.

"Pumzisha mguu, Kizito."

Kisha wengine nao wakazoea. Mtu akipika pombe ya kulimiwa, akifika kwangu anapunguza sauti, anapita. Nikijitokeza, naambiwa nipumzishe mguu. Mama Skola alipofariki, miaka mingi baadaye, nilikwenda makaburini na koleo. Kijana mmoja, hata hakuwa amezaliwa wakati wa zile mbio, akanishika mkono kwa heshima: "Pumzika, baba, tupo." Nikakaa kwenye jiwe nikatazama wanavyomzika. Hajui kwa nini anasema vile. Amekuta watu wanasema.

Unaniuliza Kastori na Gaudensi je? Kastori ana duka kubwa, akija Kisiwani Pasaka anachinjiwa. Gaudensi yuko kwenye baraza la wazee wa kanisa, anaitwa kwenye kila kazi, anakaa mbele. Nimewachukia miaka mingi, na leo nimewataja kwa sababu walistahili kutajwa, waliniachia mzigo wakaondoka mikono mitupu. Lakini chuki hiyo nimeizungusha sana kichwani peke yangu, jioni nyingi, na kila mara inaishia dirishani pale wodini. Wao walivunja ntumba. Hawakulishwa uji.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuachia hili. Panda pikipiki, shindana, paa, lakini uwe na pako pa kupaa. Usikubali mwenyekiti akupe ruhusa ya kitu kisicho chake, hata akiwa na filimbi. Mtu akikuachia shamba ulilinde, ulilinde na dhidi yako wewe. Na siku utakapoharibu, maana utaharibu, mwendee mwenyewe na umwambie mapema, udongo ukiwa bado una maji. Ukishakauka, hata ukilia hautengenezeki. Usimfiche mtu hasara yake ili aendelee kukaa na wewe. Mimi nilimpata wa kukaa na mimi siku kumi na tatu kwa njia hiyo, tangu ile siku ya tatu wodini, kisha nikakaa peke yangu maisha yangu yote.

Mungu akulinde viungo vyako. Akupe mtu wa kukupulizia uji siku utakapolala, na akikuuliza swali, Mungu akufungue kinywa umjibu kweli, hata kama atainuka na kwenda.